Swichi ya Kurudi na Swichi ya Kukaa

Mpiga gitaa anayenunua kidhibiti cha MIDI cha kukanyagia hachelewi kufika kwenye ukurasa wa menyu wenye maneno mawili na nafasi ya kuchagua moja. Likitamkwa kwa ulimi wetu, la kwanza ni "momentari". La pili hubadilika jina kulingana na kiwanda: huku "lachi", kule "togo", kwingine "holdi". Kitabu cha maelekezo hakisemi zaidi ya mstari mmoja, maana kimemwandikia mtu anayedhaniwa anajua tayari. Basi mpigaji hujaribu la kwanza, likimgomea hujaribu la pili, na hilo nalo likimgomea hutangaza kwamba kifaa ni kibovu. Mara nyingi kifaa ni kizima. Kinachomsumbua ni swali ambalo maneno hayo yamelificha: mguu ukishaondoka, ni nani anayekumbuka kwamba swichi ilikanyagwa?

Jibu likiwa "hakuna", hiyo ni momentari. Jibu likiwa "yupo", awe chuma, chipu au kifaa cha upande wa pili wa kebo, hiyo ni lachi. Mengine yote, pamoja na tafsiri ya Kiswahili, yanafuata hapo.

Tuanze na chuma. Batani ya kengele ya mlango hulia kwa muda uleule ambao kidole kiko juu yake. Kidole kikiondoka, springi inairudisha na kengele inanyamaza. Swichi ya taa ukutani unaibonyeza na kwenda zako, nayo inabaki ulivyoiacha mpaka mtu aje kuibadilisha. Pedali za gitaa zina koo zote mbili. Ile swichi nzito ya duara yenye vijiguu tisa vya kulehemia waya, inayotoa mlio mkavu ukiikanyaga, ni ya ukoo wa taa: ndani yake chuma kimehama upande na kitakaa huko. Ukichukua pedali ya Boss kama DS-1, iliyotoka mwaka 1978, mguu hausikii mlio wowote wa maana. Chini ya kile kibao kuna swichi ndogo ya ukoo wa kengele. Kinachokumbuka ni saketi ya transista yenye hali mbili, inayogeuka kila inapoguswa. Kwa masikio ya ukumbini matokeo ni yaleyale. Kwa anayefungua kifuniko ili abadilishe swichi iliyokufa, tofauti ni kubwa: akiweka ya ukoo wa taa mahali pa ile ya ukoo wa kengele, pedali itaanza kudai ikanyagwe mara mbili kwa kila badiliko.

Kampuni hiyohiyo huuza swichi mbili za nje zenye umbo moja, FS-5U na FS-5L. Herufi ya mwisho ndiyo inayobeba habari yote: U haishiki kumbukumbu yoyote, L inashika. Anayeagiza kwa simu na kusahau herufi hupokea kitu kilicho sahihi kwa picha na kibaya kwa kazi.

Kabla ya kuingia kwenye MIDI, niseme kwa nini sijaridhika na baadhi ya tafsiri ambazo mtu angezifikia haraka. "Swichi ya muda" inaonekana kuitafsiri momentari vizuri, lakini kwa Kiswahili "ya muda" ni kibali cha muda, ajira ya muda, serikali ya muda. Kitu kitakachoondolewa baadaye. Au basi msikilizaji atafikiri ni swichi yenye saa ndani. "Swichi ya kitambo" ni mbaya zaidi. Kamusi zinasema kitambo ni muda mfupi, lakini mtaani mtu akisema "kitambo sana" anazungumzia zamani. Neno linalomaanisha punde kwa mmoja na zamani kwa mwingine halifai kuandikwa juu ya kitu kinachokanyagwa gizani. "Swichi ya kujirudi" ingeeleza springi kikamilifu, ila kujirudi ni kutubu, na sitaki kuuza swichi iliyookoka.

Upande wa lachi, "swichi ya kunasa" imeharibiwa na matumizi: ukisema swichi imenasa, fundi anatoa bisibisi. "Swichi ya komeo" nililipenda, kwa sababu komeo ni lachi halisi ya mlango wa pwani na kila mtu analijua. Tatizo lake litaonekana muda si mrefu: kwenye MIDI hakuna chuma kinachojikomea popote.

Ukimuuliza fundi dukani swichi mbili zilizo mezani zinatofautianaje, atakujibu kwa vitenzi, "hii inarudi, hii inakaa." Hapo ndipo nasimama. Swichi ya kurudi, swichi ya kukaa. Kurudi kunasema lile linalotokea mguu ukiinuka. Kukaa kunafaa kwa sababu Kiswahili kimekwisha kulitumia neno hilo kwa hali inayobaki na hata kwa kumbukumbu: rangi imekaa, dawa haikai tumboni, majina hayakai kichwani. Swichi ya kukaa ni ile ambayo amri yake inakaa kichwani mwa mashine.

Upo mfano mzuri wa kurudi na kukaa kwenye gitaa lenyewe, bila pedali yoyote. Tom Morello, mpiga gitaa wa Marekani ambaye baba yake ni mwanadiplomasia Mkenya Ngethe Njoroge, hukata sauti kwa swichi ya kuchagulia pikapu. Pikapu moja huwa imeshushwa sauti hadi sifuri, na swichi hiyo, ambayo ni ya kukaa, anaipeleka na kuirudisha kwa kasi ya mkono. Buckethead, naye wa Marekani, amechimbia gitaa lake batani za mashine za michezo, za kurudi. Wote wawili hukatakata sauti vipande vipande, lakini Morello lazima afanye kazi ya kwenda na ya kurudi, wakati Buckethead kazi ya kurudi ameikabidhi springi.

Sasa MIDI. Lugha hii ya vyombo ilikubaliwa mwaka 1983, wazo likisukumwa na Dave Smith wa Sequential Circuits kule California na Ikutaro Kakehashi wa Roland, Japani. Kidhibiti cha mguu hakipitishi sauti ya gitaa hata chembe. Kinatuma namba tu, kwa mwendo wa biti 31,250 kwa sekunde, na kifaa cha upande wa pili ndicho chenye dilei, distosheni na mengineyo. Amri inayotuhusu ina namba tatu. Ya kwanza inasema aina ya amri na chaneli, ya pili inasema kitasa gani kinaguswa, ya tatu inasema kipelekwe wapi, kuanzia 0 hadi 127. Kwa mfano 176, 80, 127: badilisha thamani kwenye chaneli ya kwanza, kitasa namba 80, peleka juu kabisa. Safari nzima inachukua chini kidogo ya milisekunde moja.

Katika lugha hii hakuna namba yenye maana ya "bonyeza" wala "achia". Kuna thamani tu. Kwa kawaida, kitasa kinachofanya kazi kama swichi kikipokea 64 au zaidi huwaka, na kikipokea 63 au chini huzima. Swichi zenyewe chini ya soli, kwenye karibu kila kidhibiti cha siku hizi, ni za kurudi. Chuma hakikumbuki lolote. Kurudi na kukaa vimehama kutoka kwenye chuma na kuwa tabia zinazoandikwa kwenye menyu, na hapo ndipo komeo lilipopoteza kazi yake.

Kuprogramu tabia ya kurudi ni kuandika amri mbili. Kwenye tukio la kukanyaga unaweka 80 na 127. Kwenye tukio la kuachia unaweka 80 na 0. Mguu ukiwa chini dilei inajaa, mguu ukiinuka inakatika. Kuprogramu tabia ya kukaa ni kuliacha tukio la kuachia tupu kabisa, na kukiambia kidhibiti kipokezane: kukanyaga kwa kwanza kitume 127, kwa pili 0, kwa tatu 127. Hiyo ndiyo "togo" ya vitabu vya maelekezo, na nashauri tuiite kupokezana, kwa sababu inaonyesha kwamba thamani mbili zinapeana zamu. Vidhibiti vya kampuni ya Morningstar ya Singapore vinayaweka matukio haya wazi kuliko vingi: kila swichi ina kukanyaga, kuachia, kukanyaga kwa muda mrefu na kugonga mara mbili, na chini ya kila tukio unapanga amri zako. Vya bei nafuu huficha yote hayo nyuma ya neno moja, ndipo kubahatisha kunapoanza.

Kubahatisha kunakuwa kugumu kwa sababu kifaa cha upande wa pili nacho kinaweza kuwa na kumbukumbu yake. Vipo vinavyofuata kanuni ya 64 bila ubishi. Hivyo ni watiifu, na kidhibiti ndicho kinachoamua kila kitu. Lakini vipo vinavyosoma 127 kama "geuza hali uliyonayo", na 0 kama ukimya. Unganisha kifaa cha namna hiyo na kidhibiti kilichopangwa kupokezana. Mguu wa kwanza unatuma 127, efekti inawaka. Mguu wa pili unatuma 0, hakuna kinachotokea. Mguu wa tatu unatuma 127, efekti inazima. Mguu wa nne, kimya. Mpigaji analalamika kwamba lazima akanyage mara mbili, na anaweza hata kubadilisha swichi isiyo na kosa. Wako wawili wanaokumbuka, na hawajawahi kuzungumza.

Dawa yake inamshangaza kila mtu mara ya kwanza: ili upate tabia ya kukaa, chagua momentari. Kidhibiti kitatuma 127 kila unapokanyaga, kifaa kitageuka kila kinapoipokea, na zile 0 za kuachia zitapita bila kudhuru. Kidhibiti kimesahau, kifaa kinakumbuka, na aliyebaki na kumbukumbu ni mmoja. Ndiyo maana naona istilahi isiishie kwenye swichi. Ukimwambia mtu "weka swichi ya kukaa" bila kusema ikae wapi, umempa nusu ya habari. Sema "ikae kwenye kidhibiti" au "ikae kwenye kifaa", naye ataipanga bila kukupigia simu.

Aina ya tatu ya vifaa hugeuka kwa namba yoyote inayokuja, iwe 127 au 0. Hii huonekana nzuri kwa wiki nzima, kisha inamvua mtu nguo jukwaani. Kwa tabia ya kurudi, kukanyaga kunageuza, kuachia kunageuza tena, na mpigaji anapata alichotaka. Ila siku efekti ikiwa tayari imewaka kabla hajakanyaga, mambo yanapinduka: mguu ukiwa chini ni kimya, mguu ukiinuka ni kelele. Kifaa kama hicho nakihesabu kuwa kimetengenezwa vibaya, na ushauri wangu ni kukipa swichi yake peke yake na kuiwasha au kuizima efekti ndani ya mpangilio wa kila wimbo, ili hali ya mwanzo isiachwe kwa bahati.

Taa ndogo ya kwenye kidhibiti nayo isiaminiwe sana. Inaonyesha kile kidhibiti kinachokumbuka kutuma, na haijui kilichotokea ng'ambo. Ukibadilisha mpangilio mzima kwa mkono kwenye kifaa, dilei inaweza kuzima huku taa ya mguuni ikiendelea kung'aa.

Limebaki "holdi", neno lililonifanya niandike makala hii, maana linafanya kazi tatu na wenye vitabu vya maelekezo hawajali. Kazi ya kwanza ni ya zamani kuliko vidhibiti vya gitaa: kwenye orodha ya vitasa vya MIDI, namba 64 huitwa holdi, na ndiyo pedali ya kinanda inayofanya noti ziendelee kulia vidole vikiisha kuondoka. Wapiga kinanda wa kwaya wanaiita sasteini. Kwa Kiswahili hiyo ni pedali ya kudumisha. Na tazameni kinyume kilichomo: pedali hiyo inadumisha sauti, lakini yenyewe ni ya kurudi! Mguu ukiinuka, namba 64 inapelekwa 0 na noti zinakufa. Anayeitafsiri holdi hii kuwa "kukaa" amekosea mara moja kwa sauti na mara ya pili kwa swichi.

Kazi ya pili ni kukanyaga na kutoinua mguu haraka, ili swichi moja ifanye kazi ya ziada. Hapo neno tunalo mikononi kila siku, kwa kuwa simu zilizowekwa Kiswahili hutuambia tuguse na tushikilie. Shika na shikilia si kitu kimoja. Unashika mara moja, unashikilia kwa kuendelea. Kukanyaga na kushikilia, basi. Kazi ya tatu ni ile ya menyu tuliyoanza nayo, ambapo holdi ni lachi, yaani kukaa. Pedali ya Freeze ya Electro-Harmonix inazikutanisha kazi hizi ndani ya kisanduku kimoja: inaidumisha noti uliyopiga isife, na kiswichi kidogo kinakuchagulia idumu kwa kushikilia mguu tu au ikae hata mguu ukiondoka. Kwa Kiingereza mtu angeweza kutumia neno lilelile katika sentensi nzima. Kwa Kiswahili tunahitaji kudumisha, kushikilia na kukaa, na sentensi inaeleweka kwa msomaji wa kwanza.

Kushikilia kuna gharama ambayo haiandikwi. Ukiipa swichi moja kazi mbili, ya kukanyaga kwa haraka na ya kushikilia, kidhibiti hakiwezi kujua unataka ipi mpaka ama uinue mguu ama muda uliowekwa upite. Ukiiacha kazi ya kwanza kwenye tukio la kukanyaga, itatokea kila mara, hata pale ulipotaka ya pili. Ukiihamishia kwenye tukio la kuachia, inachelewa kwa kadiri mguu wako unavyokaa chini. Kwa kubadilisha riverbu, kuchelewa huko si neno. Kwa lupa, ile mashine ya kurekodi kipande na kukirudia, ni balaa: kipande kitafungwa mguu ulipoinuka, si ulipotua, na mzunguko mzima utachechemea mpaka wimbo uishe. Vivyo hivyo kwa kugonga mwendo wa dilei. Kazi za mapigo zipeni swichi zao na tukio la kukanyaga. Zilizobaki zigawane.

Kampuni ya EarthQuaker Devices ya Akron, Ohio, ina pedali zilizokwepa mgogoro huu kwa ujanja: ukigonga na kuachia haraka, efekti inakaa, ukikanyaga na kushikilia, inawaka papo hapo na kuzima mguu ukiinuka. Ujanja ni kwamba katika njia zote mbili kukanyaga kunawasha mara moja, na uamuzi unaahirishwa hadi kuachia. Jina la swichi hiyo kwa Kiswahili bado linanisumbua. "Swichi ya njia mbili" imechukuliwa na mafundi umeme kwa taa za ngazini. "Swichi kigeugeu" inachekesha kuliko inavyofundisha. Mpaka apatikane aliye na jina bora, naieleza kwa sentensi: ukigonga inakaa, ukishikilia inarudi.

Jambo moja zaidi kwa wanaochomeka swichi ya nje kwenye kidhibiti au kwenye kinanda. Zipo swichi za kurudi ambazo saketi yake inaunganika ukikanyaga, na zipo ambazo inakatika ukikanyaga. Viwanda havikukubaliana. Ukiweka isiyofaa, noti zinadumu mguu ukiwa hewani na kufa ukikanyaga. Ndiyo maana pedali nyingi zina kibonyezo kidogo cha kugeuza upande. Vinanda vingi hujipima vyenyewe wakati wa kuwashwa, hivyo mguu usiwe juu ya pedali wakati huo. Hapa jihadharini na tafsiri ya "wazi" na "iliyofungwa" inayopatikana kwenye vitabu vya umeme. Kwa mhandisi saketi iliyofunguliwa haipitishi umeme, lakini sisi tunafungulia redio na redio inalia, tunafungulia bomba na maji yanatoka. Mwanafunzi anayesoma kwamba swichi "iko wazi" ataamini umeme unapita. "Imeunganika" na "imekatika" hazina hatari hiyo. Hakuna Mswahili asiyejua maana ya umeme kukatika.

Na kurudi kunaweza kushindwa kurudi. Umekanyaga dilei ya kurudi kwenye kundi la kwanza la mipangilio, na kabla hujainua mguu umetumia mguu mwingine kuhamia kundi la pili. Unapoinua, swichi ileile sasa ina kazi nyingine, na 0 ya dilei haitumwi na mtu. Dilei inajaa bila mwisho. Vidhibiti vizuri hukumbuka amri ya kuachia iliyokuwa inadaiwa na kuilipa hata kama kundi limebadilika; vingine havikumbuki. Kwa hivyo andaeni swichi moja ya dharura yenye amri tatu, zote kwenye chaneli ya kifaa kinachosumbua: namba 123 kuzima noti zote, namba 121 kurudisha vitasa kwenye hali ya mwanzo, na baada yake 80 kwa thamani 0. Hiyo ya tatu ni ya lazima, kwa sababu 121 haiahidi kuvigusa vitasa vya matumizi huru kama 80 kwenye kila kifaa.